Baragumu la Mzee Mcharo

"Baragumu haliombi radhi, wala mnong'ono hauiti kijiji."

Leo mmemsikia mwenye duka akimtolea mteja wake methali hiyo, mkaja kuniuliza imetoka wapi, maana kwenye kitabu chenu cha shule haimo. Itakuwamo vipi? Ni changa kuliko ninyi. Haya, Nakiete kaa huku, Elibariki kaa kule, maana naona leo hamtazamani usoni. Chukueni visu tukwangue tangawizi hii huku nawaeleza. Methali hii ilianza kwa kosa, na mwenye kosa ni mimi bibi yenu.

Mnaijua ndiva yetu pale juu, lile bwawa la mawe na udongo walilotuachia mababu. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha, na alfajiri mlinzi huzibua yakashuka mferejini, shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake. Wakati huo mlinzi alikuwa Mzee Mcharo, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa na baragumu la pembe ya tandala. Akilipuliza mara moja, maji yamefunguliwa. Akilipuliza mfululizo, kuna hatari, kila mtu atoke na jembe. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kusema kwamba Mcharo amejipendelea hata kwa ndoo moja.

Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, nikachaguliwa katibu wa kamati ya maji. Mama yenu akanitumia simu janja. Wajukuu zangu, nilipata wazimu! Nilifungua kundi la WhatsApp, nikaliita Ndiva Yetu, nikaingiza watu themanini na watatu. Zamu za maji humo, mikutano humo, misiba humo, mahubiri ya asubuhi humo. Mtu akikosea kuandika, namsahihisha mbele ya wote. Nilijiona redio ya taifa. Mzee Mcharo hakuwamo. Yeye alikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya vibonyezo, na alisema inamtosha.

Basi mwaka huo mvua ikagoma, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Siku ya zamu yangu nilisimama shambani na jembe tangu baragumu lilipolia mpaka jua likapanda. Maji hayakuja. Nikitazama juu kidogo, naona shamba la Mcharo linametameta maji. Sikumuuliza. Sikupanda hata kuukagua mfereji, hatua mia tatu tu. Nilitoa simu pale pale, nikaandika: "Ndugu wanakijiji, mlinzi wetu amenywesha shamba lake kwa zamu ya wenzake. Tumekaa kimya mno."

Majibu yalifika kabla ya maji. Mmoja akaandika kwamba alishuku siku nyingi. Mwingine, Kiariro, akaweka picha ya fisi. Kufikia saa sita mchana, hata wasio na simu walikuwa wanajua kwamba Mcharo ni mwizi.

Jioni hasira iliponipungua ndipo nikapanda mfereji. Nikakuta mgomba umeanguka na kuziba njia, na maji yamepindia yenyewe kwa Mcharo. Niliupiga picha ule mgomba, nikairudisha simu mfukoni, nikashuka nyumbani nimenyamaza. Niliona aibu, na aibu ikanishinda.

Alfajiri iliyofuata baragumu halikulia. Nilipofika ofisi ya kamati nikalikuta limetundikwa kwenye kitasa cha mlango. Mzee Mcharo amekaa kwake, na mkewe anawajibu wote waendao kumwita, "Mwizi haachiwi maji."

Kamati ikaweka vijana kwa zamu. Huyu akachelewa kuzibua, yule akasahau kuziba, ndiva ikawa haijai hata nusu. Nami kila alfajiri naandika kwenye kundi, "Maji yamefunguliwa," wakati watu wako mashambani na simu zao ziko nyumbani kwenye chaji. Maji yakawa yanapita bure. Kama mambo yangeendelea hivyo wiki mbili zaidi, kijiji kizima kingevuna kuni badala ya mahindi. Na dawa ilikuwa moja tu, Mcharo arudi.

Nikaamua kuomba radhi. Wapi? Kwenye kundi! Niliandika: "Kama kuna mtu yeyote niliyemkwaza, naomba anisamehe. Sisi sote ni binadamu." Nikapamba kwa maua na mikono ya kusali. Watu sitini na mmoja wakajibu Amina. Nikajisikia mtakatifu. Mcharo hakutokea.

Siku mbili baadaye nikamwandikia ujumbe kwenye kitochi chake, yeye peke yake: "Shikamoo Mzee. Najua hukuiba maji. Ulikuwa mgomba." Kimya. Nikapiga simu. Akapokea, akasema, "Nimesikia, Mwalimu," akakata.

Hapo hasira zikanipanda upya. Mtu nimemwomba radhi kwa njia zote tatu, anataka nini tena? Lakini nilipopita shambani kwangu nikaona majani ya mahindi yamejikunja, nikajua kwamba hasira haimwagilii. Nikalitwaa lile baragumu, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda kwa Mcharo.

Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Mkewe alinipa kigoda, akaingia ndani. Nilikikalia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, mimi niliyesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na mitano.

"Mzee Mcharo," nikasema, "nilikuita mwizi nawe si mwizi. Jioni ile ile niliuona mgomba kwa macho yangu, nikanyamaza kwa sababu ya aibu. Nimekuja unisamehe."

Aliupangusa ule mpini, akauweka chini.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," akasema. "Mtu aje nimwone uso. Nimekusamehe, Mwalimu. Haya, nionyeshe huo mgomba."

Nikafungua simu. Akaitazama picha kwa muda, akaisogeza karibu na macho.

"Na wale wenzako themanini, wameuona?"

"Hapana."

"Wameambiwa kwamba mimi sikuiba?"

"Hapana, Mzee. Hilo nilikuandikia wewe."

Mcharo akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mwalimu, umewafundisha wanangu wote kusoma, lakini hapa umepanga kinyume. Mimi najua kwamba sikuiba, na ni mimi uliyekuja kuninong'oneza. Wasiojua ni kijiji. Hao ukawaomba radhi, na radhi ni yangu. Kilicho changu umekigawa kwa wote, kilicho cha wote umekificha mfukoni. Baragumu haliombi radhi, Mwalimu, wala mnong'ono hauiti kijiji."

Niliandika pale pale kwenye kigoda, nikamsomea kwanza yeye kabla ya kutuma: "Mzee Mcharo hakuiba maji. Mgomba huu ndio ulioyageuza. Niliuona siku ile ile nikauficha. Mwizi ni mimi, niliyeiba jina la mtu. Ni mimi Elineema, katibu." Nikaambatanisha picha, nikatuma kundini.

Safari hii hakuna aliyejibu Amina. Kundi lilinyamaza kama darasa lililosikia fimbo. Halafu nikaona picha ya fisi imefutwa, na kabla jua halijazama Kiariro alikuwa mlangoni kwa Mcharo, kwa miguu yake, kofia mkononi. Ndiyo, huyo huyo mwenye duka mliyemsikia leo.

"Wapo wasio na simu," mke wa Mcharo akasema akitoka ndani na kikombe changu cha uji.

"Hao niachie mimi," akasema mumewe, akalitoa baragumu kwenye kanga yangu.

Kesho yake alfajiri lililia. Nililisikia nikiwa bado kitandani, nikalia nalo, na sioni haya kuwaambia. Watu walitoka, wenye simu wakiwaeleza wasio nazo, wakapanda mpaka ndivani kumshika mkono, na maji yakashuka kwa zamu. Mwaka ule tulivuna. Msidhani kwamba nililifunga kundi. Lipo mpaka leo, na siku nikitangaza mkutano ofisi haitoshi. Ila mtu akitaka kulitumia kumtupia mwenzake neno, au kumaliza humo ugomvi wa watu wawili, wenzake humwandikia nusu tu ya methali, naye akaelewa.

Na wewe Elibariki, iweke hiyo simu chini. Nimeambiwa umeandika "samahani dada" huko unakowekea picha zako, watu mia mbili wameiona, wameisifu. Dada yako amekaa hapo, hatua mbili kutoka ulipo, anakwangua tangawizi na macho yamemwiva, wala si kwa tangawizi. Baragumu haliombi radhi, wala mnong'ono hauiti kijiji. Haya, inuka.