Mlolongo Mfupi wa Mkiani

"Mlolongo mfupi huhesabiwa mara mbili." Mmelisikia neno hilo mkutanoni leo, mkacheka, na sasa mnaniuliza nani alilisema kwanza. Kaeni, wajukuu zangu. Lilizaliwa papa hapa bondeni, na kisa chake ni hiki.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Siwema, mjane, mwenye majaruba mawili ya mpunga kule mkiani mwa mfereji. Kuwa mkiani ni kunywa mabaki. Wa juu wakishiba maji, wa kati hufungulia, na yakibaki ndipo nanyi mnapata. Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Kilave, alikuwa wa juu, na hakuona kasoro yoyote katika mpango huo.

Mwaka mmoja akajitokeza Bwana Mkandala kumpinga. Aliahidi zamu za siku maalumu na malango mapya. Watu walifurahi. Lakini Siwema alipomuuliza zamu zitaanzia wapi, alijibu, "Juu, kama kawaida." Basi wa mkiani wakamsimamisha mwenzao, Bi. Mkunde, aliyesema zamu ianzie kwao.

Siku ya uchaguzi, watu walipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wanayemtaka. Lukali, shemeji yake Siwema, mwenye majaruba kule kati, alikuwa tayari nyuma ya Mkandala. Akamshika mkono.

"Shemeji, njoo huku. Mkunde hashindi, hata yeye anajua. Ukisimama kule, umemsimamia Kilave."

"Nimesimama nyuma ya wengine miaka kumi, shemeji," Siwema akasema. "Maji hayajanifikia."

Akaenda kwa Mkunde. Katibu, Mzee Chonya, akapita akigusa mabega ya watu: Kilave sitini na mmoja, Mkandala hamsini na wanne, Mkunde kumi na wawili. Kilave akarudi kitini.

Hapo ndipo yalipoanza. Sokoni watu walimwita Siwema "mpiga kura wa Kilave". Lukali akaacha kupita kwake. Na msimu ule ulikuwa mbaya kuliko yote: mpunga wake ulitoa masuke, maji yakakoma, na alipopepeta alikuta mapepe matupu. Alikaa juu ya tuta na ungo wake mtupu, akajiuliza kama ukaidi wake ndio uliomnyima chakula. Sitawaficha, wajukuu zangu: kwa sehemu, ndio. Hata zile zamu za Mkandala zingempatia siku mbili tatu za maji. Alilijua hilo, likamuuma.

Mwaka ukazunguka. Wiki moja kabla ya uchaguzi mpya, asubuhi, akasikia hodi uani. Alikuwa Mkandala, na Lukali nyuma yake akitazama chini.

"Nilishindwa kwa watu saba," Mkandala akasema baada ya salamu. "Nyinyi mlikuwa kumi na wawili. Hesabu hiyo imenikosesha raha mwaka mzima."

"Basi unajua tunachotaka."

"Zamu ikianzia mkiani, watu wangu wa kati watanikimbia."

"Wote?"

Mkandala akafikiri. "Wachache."

"Nawe ulitukimbia sisi kwa sababu tu wachache," Siwema akasema. Kisha akalegeza sauti, maana alikumbuka ungo ule. "Sikiliza, Bwana Mkandala. Mwezi mmoja zamu ianzie juu, mwezi wa pili ianzie mkiani. Nusu yenu, nusu yetu. Lakini hilo usiniambie mimi hapa uani. Ukaliseme mbele ya watu wote."

Wenzake wa mkiani hawakupenda hiyo nusu. Mmoja alimwambia ameuza msimamo. Bi. Mkunde ndiye aliyemaliza ubishi: "Nusu ya maji huotesha mpunga. Mimi sigombei tena."

Mkandala akalisema, mbele ya Kilave na wote. Siku ya mlolongo, wawili katika watu wake walihamia kwa Kilave, kama alivyohofia. Lakini wale kumi na wawili wakaja wote. Mzee Chonya akahesabu, akarudia tena. Mkandala sitini na wanne. Kilave sitini na watatu.

Mwezi wa pili maji yakaanzia mkiani. Siwema aliingia jarubani na miguu mitupu, akasimama tu humo, akicheka peke yake. Lukali akaja na jembe kumsaidia kuziba tuta.

"Ungesimama nasi tangu mwanzo," akasema, "tungeokoa msimu mzima."

"Ningesimama nanyi tangu mwanzo, leo maji yangekuwa kwako."

Mzee Chonya, aliyekuwa akipita juu ya tuta, akawasikia.

"Msigombane, wanangu, wote mmesema kweli. Mlolongo mfupi huhesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza na wanaoulaumu, mara ya pili na wanaouhitaji. Na katikati ya hesabu hizo mbili kuna msimu wa njaa."

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mtu akitaka kusimama na wachache, sisi wa bonde hili hatumwambii asimame, wala hatumwambii asisimame. Tunamtazama usoni, tuone kama ana akiba ya kuvukia msimu, kisha tunamwambia: mlolongo mfupi huhesabiwa mara mbili.