Bibi Mkunga na Gauni la Sandukuni

Wapendwa, alikuwapo bibi mmoja mkunga. Nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake. Huruma anayo, lakini mdomo! Akianza kufoka, hata mbwa wanahama. Mafundisho ya ubatizo alishayamaliza zamani. Gauni jeupe alishashona, likakaa sandukuni mpaka likaanza kumpwaya. Ila kila ubatizo ukikaribia anagombana na mtu, kisha anamwendea mchungaji: "Niache kwanza. Mwenye haki hana mdomo kama huu. Nikishatulia nitakuja."

Aliyeumia ni mumewe. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana mzee wa watu alikwenda mbele peke yake, maana asiyebatizwa hashiriki. Bibi alibaki kwenye benchi akiutazama ule mgongo uliopinda, na roho ikimuuma. Alitamani kupiga magoti kando yake walau mara moja, kabla mmoja wao hajatangulia.

Basi mwaka mmoja, ubatizo ulipokaribia, akajikaza. Wiki nzima kimya! Kumbe Jumamosi mbuzi wa jirani akaingia bustanini, akamaliza mchicha wote. Kijiji kizima kilisikia. Je, ninyi mngenyamaza?

Asubuhi, siku yenyewe ya ubatizo, bibi akagoma kwenda mtoni. Mzee akambembeleza, "Vaa tu, mama, twende wote." Akavaa. Wako njiani, jirani yuleyule akaja mbio: "Bibi, nisaidie! Binti yangu uchungu umemshika!" Bibi hata mchicha hakuukumbuka, akageuka naye.

Alipofika mtoni ibada inaishia, gauni limelowa damu hadi magotini.

"Umeona, mchungaji? Jana mdomo, leo gauni. Mimi si wa kubatizwa."

"Pole, bibi. Huyo mtoto kazaliwa safi?"

"Safi wapi! Damu na utelezi mwili mzima."

"Kwa hiyo mama yake akakataa kumpokea mpaka aoge?"

"Hee, mchungaji, vipi wewe! Kamnyakua vilevile, akambusu! Hata maji ya kumwogesha yalikuwa hayajapata moto..."

Hapo bibi akayasikia maneno yake mwenyewe. Machozi yakamtoka. Akamkabidhi mumewe viatu, akaingia mtoni na gauni lake vilevile lilivyo.

Mnauliza kama mdomo uliisha siku ile? Thubutu! Mbuzi alirudi, na bibi alifoka. Lakini jioni alibisha hodi kwa jirani: "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Hakuwahi kulisema neno hilo tangu azaliwe! Na Jumapili ya Meza iliyofuata, mzee alichelewa kunyanyuka. Alikuwa anamngoja mkewe.

Ndugu zangu, sisi tunadhani Mungu anasubiri tuwe wenye haki ndipo atuite wanawe. Hapana! Mtoto haogeshwi ili awe wa mama yake. Anaogeshwa kwa kuwa ni wake. Haki tunavikwa na Kristo, bure, tukiwa bado na matope yetu. Kisha tunajifunza kuishi nayo, polepole, kwa midomo yetu hii hii. Tunaanguka, tunakwenda kubisha hodi, tunaomba radhi.

Sasa wewe uliyeketi pale nyuma, mwenye gauni sandukuni, unangoja utulie kwanza? Utatulia lini, mpenzi wangu? Maji yapo. Njoo ulivyo, tumechoka kukungoja, na tunakupenda.