Foleni ya Mama Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa kwenye nyumba na kupika uji kama sisi, palikuwa na kisima kimoja tu mbugani. Na wewe hapo nyuma, mwombe mwenzako radhi, umemkanyaga! Haya, tuendelee.

Kisima hicho kilikuwa na utaratibu wake. Ukifika na ndoo yako unasalimia, kisha unauliza, "Jamani, wa mwisho nani?" Wa mwisho anaitika, unakaa nyuma yake, mnapiga soga mpaka zamu yako ifike. Je, hilo ni jambo gumu? Hata kifaranga analiweza!

Lakini Kifaru na Nyati liliwashinda. Wao walikuja puu! puu! puu! bila hamjambo wala samahani. Ndoo za watu zikaruka, kwangara!

"Jamani, kuna foleni!" wadogo walilalamika.

"Foleni ni ya wenye nafasi," Kifaru alijibu. "Mimi nina haraka."

Haraka ya nini? Akishakunywa alikwenda kulala! Mambo kama haya ndiyo yanayonichosha mimi.

Kibaya zaidi, kiangazi kilikuwa kikali. Kisima kilitoa maji asubuhi tu. Jua likifika utosini, linabaki tope. Na Mama Nguchiro alikuwa na watoto pacha wanaoumwa surua, midomo imewakauka. Siku mbili mfululizo alirudi nyumbani na ndoo tupu kwa sababu ya hao wawili. Siku ya pili Nyati alimkanyaga mkia, na hata pole hakumpa.

Akaenda kwa Bibi Kobe, msimamizi wa kisima, machozi yakimlengalenga.

"Mkia utapona, bibi, lakini wanangu watakufa kwa kiu! Ah, shikamoo kwanza. Hasira zimenisahaulisha."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nifanyeje? Nikiwakemea wananiruka kama jiwe."

"Ile kazi ya kuchimba kisima cha pili, umepata watu?"

"Watu gani? Nani atachimba kwenye jua hili?"

"Na sheria ya msaragambo, ile kazi ya wote kwa pamoja, inasemaje?"

"Wawili wa kwanza kwenye foleni ya kazi ndio wanaoshika majembe. Aliyeshika haachi mpaka maji yatoke. Akiacha, Chifu Tembo anamnyima maji mpaka masika."

Mama Nguchiro akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akazunguka nyumba kwa nyumba akinong'ona, psi psi psi.

Kesho yake alfajiri, wadogo wote walipanga foleni ndefu. Hawakuipanga kisimani. Waliipanga pembeni, kwenye kiwanja kitupu alipokaa Bibi Kobe. Digidigi alikuwepo, Kanga, Panya, kila mmoja na ndoo yake. Mbele kabisa alisimama Mama Nguchiro.

Puu! puu! puu! Wakubwa wakatokea.

"We Kifaru, wale wamepanga foleni ya nini?" Nyati aliuliza.

"Sijui. Lakini ona walivyo wengi! Lazima kuna kitu kizuri kuliko maji."

"Tuwaulize?"

"Tuwaulize wao? Mimi na wewe? Twende mbele!"

Kwangara! Ndoo zikaruka. Digidigi akaanguka kifudifudi. Kanga akapoteza manyoya matatu.

"Shikamoo, mzee Kifaru," alisema Mama Nguchiro.

Kifaru akageuzia shingo upande wa pili.

"Shikamoo, mzee Kifaru!" akarudia, kwa sauti ya kusikika hata na kiziwi.

"Pisha!" Kifaru akamsukuma kwa goti. "Wa kwanza hapa ni mimi! Wa pili Nyati. Nani anabisha?"

"Hakuna!" waliitikia wote kwa pamoja, kwa adabu kweli kweli. Wale wakubwa wangekuwa na akili wangeshtuka hapo hapo.

"Bibi, lete haraka!" Nyati akanyoosha mikono.

Bibi Kobe akamkabidhi kila mmoja jembe.

"Hiki nini?" Kifaru akatoa macho.

"Jembe la msaragambo, baba. Mmekuja wa kwanza, na mashahidi ni hawa wote. Chimbeni!"

Kifaru akaliinua alitupe. Akamkumbuka Chifu Tembo. Akalishusha taratibu, akaanza kuchimba, chwa! chwa! chwa!

Wadogo wakarudi kisimani. Wakasalimiana, wakaulizana wa mwisho nani, wakakubaliana wenye wagonjwa wachote kwanza. Mama Nguchiro akajaza ndoo mpaka juu, akakimbia nayo nyumbani. Pacha wake wakanywa maji, wakanywa uji, wakaomba tena. Mama wa watu akakaa chini akalia kwa furaha.

Alasiri alipita kiwanjani. Kifaru na Nyati walikuwa ndani ya shimo, tope limewafika masikioni, na maji hayajaonekana bado.

"Mama Nguchiro!" Kifaru alifoka. "Kwa nini hukutuambia foleni ilikuwa ya nini?"

"Nilikusalimia mara mbili, mzee," Mama Nguchiro alijibu. "Ungeitikia hata mara moja, ningekwambia."

Nyati akamgeukia Kifaru. "Si nilisema tuwaulize?"

Basi mnisikie vizuri: kabla hujamsukuma mwenzako ukae mbele yake, msalimie, maana hujui anasubiri nini.