Joho la Mwandishi wa Sultani

Hapo zamani, katika nchi ya Uajemi, palikuwa na mwandishi wa sultani aitwaye Farrukhzad. Wewe pale nyuma, acha kutafuna, nisikilize! Kazi yake ilikuwa kuandika habari za ufalme: vita vyake, ndoa zake, hata aibu zake. Na kila aliyemletea habari alimwuliza, "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Ya kuambiwa hakuandika.

Sultani yule hakutulia mahali pamoja. Leo mahema huku, kesho kule, na watu wake wote nyuma yake. Kuondoka bila ruhusa kulikuwa kujitafutia balaa. Farrukhzad alikuwa amemwacha mkewe Nushin katika mji wa Sarvabad, nje ya mpaka wa sultani, akamwahidi, "Nikimaliza kitabu, narudi." Lakini niambieni, kitabu cha ufalme unaoendelea kuishi kitaisha lini? Ndevu zikaota mvi. Kila akiomba ruhusa, sultani alimjibu, "Maliza kwanza."

Mwishowe akaugua. Hakula, wala hakushika kalamu. "Namtamani Nushin mpaka mifupa inauma," alisema. Akaonyesha joho la dhahabu alilotunukiwa na sultani, mali yake pekee. "Atakayenirudisha kwa Nushin, joho hili ni lake."

Bizhan, mwenye ngamia, akaenda Sarvabad. Akakuta Nushin amefariki. Aliporudi akamtazama mgonjwa alivyokonda, akamwonea huruma. Akasema, "Yu hai, bwana. Anakusalimu sana. Anasema uwahi."

Salaale! Farrukhzad akaketi, akaomba supu. Na yule bingwa wa kuuliza, siku hiyo hakuuliza. Akapona, akawa anamwambia kila anayepita, "Mke wangu ananingoja."

Kisha akafika Turan, mdogo wake Nushin.

"Shemeji," alisema, "dada amefariki. Nilimwosha mwenyewe, kwa mikono hii. Alisema, 'Mwambieni simlaumu. Ningemngoja tena.'"

Farrukhzad akalia kama mtoto. Alipoweza kusema, akasema, "Nilijua. Ndiyo maana sikumwuliza Bizhan. Lakini asante, shemeji. Sasa nina maneno yake."

Altun, mlinzi wa hema, alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia yote. Moyo ukamshinda. "Mzee, panda," alisema, akampandisha punda wake, wakatoroka pamoja na Turan. Bizhan naye akawafuata na ngamia wake, maana uongo wake ulimnyima usingizi. Sultani alipopata habari alifoka, akatangaza kwamba Altun akionekana tena katika nchi yake, auawe.

Walipofika Sarvabad, Farrukhzad akalala kando ya kaburi la mkewe, shavu juu ya udongo. "Nimechelewa, Nushin," alisema. "Nimekukosa sana." Akafa pale pale, bila kusema joho ni la nani.

Basi ugomvi ukaanza, maiti hata haijapoa.

Bizhan akasema, "Bila mimi angekufa hemani kwa njaa. Turan angemkuta nani wa kumpa salamu? Altun angembeba nani?"

Turan akamkata, "Wewe ulimpa mke wa hewani. Mimi nilimletea maneno ya mke wake hasa. Dada alimsamehe, na bila mimi asingejua kamwe."

Altun naye akasema, "Ninyi mlileta maneno. Mimi nilimleta yeye. Na mama yangu yuko kwetu, katika nchi ya sultani, kila jioni anakaa mlangoni akinitazamia, nami siwezi kurudi."

Joho lilikuwa limekunjwa juu ya ngamia, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, msinitumbulie macho mimi! Je, kati ya watatu hao, ni nani aliyemrudisha Farrukhzad kwa Nushin? Joho avae nani?