Kamati ya Kumtetea Nyaulingo

Wewe unayesifiwa mtaani kwa ukarimu, una hakika hicho unachogawa ni chako?

Mtu mmoja alikuwa na pensheni. Jina lake Nyaulingo, bwana mifugo mstaafu, aliyetumia ujana wake kuchanja ng'ombe wa vijiji vyote vya wilaya, na sasa serikali ilimlipa kila mwezi kwa kutulia nyumbani. Alikuwa pia na watoto wawili. Hao walikaa kwa mama yao, Yustina, upande wa pili wa mji, tangu ndoa ilipovunjika. Nyaulingo aliwakumbuka sana. Aliwakumbuka bila kuwatumia kitu.

Pensheni ilikuwa na kazi nyingine. Mtaani kwao hakuna harusi bila kamati, na kamati hazikukamilika bila Nyaulingo. Ahadi za michango zilipotajwa, yeye alingoja wote wamalize, kisha akasimama taratibu, akakohoa, akataja kiasi kilichowafunika wenzake. Watu wakapiga makofi, akina mama vigelegele. Kwa namna hiyo aliozesha mabinti wa nusu ya mtaa, huku wa kwake akirudishwa kutoka shule kwa kukosa viatu.

Yustina alibembeleza mpaka akachoka, akaenda mahakamani. Hakimu, mama asiye na maneno mengi, akaamuru matunzo ya watoto yakatwe kwenye pensheni kabla haijamfikia baba yao. Ikawa hivyo. Watoto wakaanza kushiba, na Nyaulingo akaanza kukaa kimya vikaoni.

Wenzake walipomuuliza ana nini siku hizi, angeweza kusema ukweli yakaisha. Badala yake alishusha pumzi ndefu. "Wananikata pensheni yangu," akasema. "Sijui hata ni nani." Hakukumbuka kwamba anawaambia watu wanaompenda.

"Wanamkata mzee wetu?" akafoka Chavala, katibu wa kamati, mwenye sauti ya mtu wa mnada. "Hawatujui hao."

"Achana nayo, ndugu yangu. Mungu yupo."

"Mungu yupo, na mkuu wa wilaya yupo. Alhamisi anasikiliza kero."

Kabla jua halijazama, kamati ya harusi ilikuwa imegeuka kamati ya kumtetea Nyaulingo. Mwenyekiti akachaguliwa. Mweka hazina naye akachaguliwa, ingawa hazina haikuwepo. Suala la sare liliwachukua muda mrefu kuliko suala la makato, na mwishowe wakakubaliana kitenge cha bluu. Alhamisi ilipofika Nyaulingo alijaribu kuugua. Wakamletea bajaji mpaka mlangoni, wakamkalisha na mto mgongoni, wakamsifu kwa uvumilivu.

Uwanja wa ofisi ya wilaya ulijaa bluu. Bi Sekela, muuza vitumbua, hakuwa amekaanga hata kimoja siku hiyo. Fundi cherehani alifunga kibanda na nguo za watu ndani. Chavala alieleza kero kwa uchungu mwingi, akataja ng'ombe, akataja uzalendo, akamwelekezea mkono mzee aliyeinamisha kichwa. Nyaulingo aliinamisha kichwa kwa sababu zake. Mkuu wa wilaya akaguswa. Akamgeukia ofisa wa pensheni, akamwagiza makato hayo yasimamishwe leo hii hii, maelezo yatafuata.

Shangwe zikalipuka. Chavala akamkumbatia huku analia. Kilichobaki kwa Nyaulingo ni kusema ahsante tu, na pensheni yote ingemrudia, na mtaa mzima ungekuwa shahidi kwamba alionewa. Alijikuta anatabasamu. Ushindi ulikuwa mtamu, hata ule asioustahili, na ahsante yenyewe ilikuwa imeshafika mdomoni.

Bi Sekela akamshika mkono. Alikuwa mtu mwema, asiyejua kumsema mtu kwa mafumbo. "Afadhali, baba," akamwambia. "Maana nilikuwa najiuliza, tangu waanze kukukata, wale wanao wanakula nini?"

Nyaulingo akautoa mkono wake taratibu. Kisha akatembea mpaka mbele na kuomba kipaza sauti. Vigelegele vikaanza upya, maana walidhani anakwenda kushukuru. Akangoja vinyamaze.

"Mheshimiwa, makato yaendelee," akasema. "Yanakwenda kwa wanangu. Mahakama ndiyo iliyoamuru, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siwapi hata senti. Hakuna aliyeniibia. Mimi ndiye niliyekuwa nawaibia wale watoto, nikawa nakuja kuwachangia ninyi."