Kwa Nini Maganda ya Ufuta Hupasuka

Nyinyi mnaouona ufuta leo umeachama shambani, msidhani ndivyo ulivyoumbwa. Wapi! Zamani hizo, dunia ilipokuwa bado mbichi, ufuta ulikuwa mchoyo wa kupindukia. Maganda yake yalikuwa magumu kama kokoto. Watu waliyaponda kwa mawe, mawe yakavunjika. Mbegu zikazeekea humo humo ndani.

Siku hizo alikuwapo mfinyanzi, jina lake Somoe, na binti yake Siwema, mtoto wa kuiga kila kitu. Alizoea kumwona mama akivigonga vyungu ili asikie kama vina ufa. Basi siku moja, mama kageuka tu, naye akakibandika kiganja kwenye chungu kilichotoka motoni sasa hivi. Lo! Ukelele wake uliwatoa watu majumbani.

Somoe akauzamisha ule mkono mtungini, akaushikilia majini mpaka mtoto akatulia. Kidonda kilipona, lakini ngozi mpya ilikuja kavu, ikakaza, ikavuta vidole hadi mkono ukawa ngumi. Kaka yake akawa anamwita Bi Ngumi. Somoe hakucheka hata kidogo. Binti asiyeweza kukunjua mkono atafinyanga nini, na atakula kwa nani mama akishaondoka? Wazo hilo lilimnyima raha.

Asubuhi moja uvumilivu ukamwisha. Akambeba Siwema hadi kwenye ufuta, akausogeza ule mkono penye ganda.

"Wee ufuta! Utazame mkono huu! Mwanangu kafungwa na moto, hakupenda. Na wewe je, nani kakufunga?"

Ufuta haukuwa umeulizwa swali hilo tangu uote. Ukatetemeka kwa aibu, kisha... pa! Ganda likapasuka. Pa! Pa! Likafuata jingine, na jingine, shamba zima likawa linalia! Mbegu zikamiminika hadi miguuni. Siwema akazifikicha kwa furaha kwa ule mkono wake mzima, na mama akaona kiganja kinang'aa. Mafuta! Somoe akapiga vigelegele, wanawake wakaja mbio na mikeka na vinu.

Wakatwanga, wakakamua. Kila jua lilipochomoza Somoe alimkanda mwanawe, taratibu, na ngozi ikaanza kulainika. Kidole kimoja kikanyooka, kikafuata kingine, hadi siku kiganja kilipofunguka chote. Na kazi yake ya kwanza? Kumzaba kofi kaka yake! Somoe akacheka huku machozi yanamtiririka, na kaka mtu akarukaruka, shavu linamwasha, akipiga kelele, "Umefunguka! Jamani, umefunguka!"

Na tangu siku hiyo ufuta haujui tena kujifunga. Ukikauka tu, maganda hupasuka, na mkulima aliyechelewa hukuta mbegu zimetapakaa chini. Wengi huutukana, tena matusi mazito. Lakini mama ambaye mwanawe aliungua, kidonda kikishapona, humsikii akiulaumu. Yeye huketi kizingitini, akamimina mafuta kidogo kiganjani, akaushika ule mkono mdogo na kuukanda, kidole baada ya kidole.