Kinyozi Aliyekata Ndevu kwa Makisio

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, kwani hata aliyenihadithia hakuwa mtu wa hesabu, palikuwa na kinyozi jina lake Vuai, fukara wa kutupwa, asiyemiliki kitu ila wembe, mkasi na kigoda cha kukalia wateja. Aliyenyolewa na Vuai alilipa alichokuwa nacho, huyu yai, yule muhogo, na wengi wao walimlipa dua. "Mungu akuzidishie, Vuai," husema, wakaenda zao, wala hakuzidishiwa kitu.

Basi Sultani wa mji ule akatoa amri kwamba kila mtu atoe fungu la kumi la pato lake. Waliotumikia mabwana walikatiwa na mabwana zao, wakapumzika. Lakini aliyejifanyia kazi mwenyewe ilimpasa aje jumbani kwa Sultani siku ya Mwaka, mwaka mpya unapoanza, kabla jua halijatua, na hesabu yake yote mkononi. Asiye nayo, chombo chake cha kazi kitatwaliwa.

Vuai akahesabu siku tatu. Mkewe, Bi Mize, akamwuliza, "Mume wangu, na yale mayai viza tuliyopewa na Mwalimu, utayaandika pato au hasara?" Vuai akashika kichwa. Siku ya Mwaka ikamkuta hajavuka mwezi wa pili, na hofu ikamwingia, kwani wembe ukienda, na chungu hakipandi mekoni.

Ikawa asubuhi ile ile akaitwa jumbani, maana ilikuwa desturi Sultani apunguzwe ndevu siku ya Mwaka kabla ya kutoka kupokea salamu za watu. Vuai alipoingia tu akapiga magoti.

"Ewe Mfalme, umri wako uwe mrefu! Hesabu yangu haijatimia. Naomba uniongeze muda."

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri ndiye aliyeitunga amri ile, akaipenda kama mwanawe wa kuzaa. Akasema, "Muda wa kuhesabu apewe, miezi sita. Muda wa kulipa hakuna. Atoe leo kwa makisio, na ukamilifu ufuate baadaye. Akikataa, aache wembe wake hapa."

"Bwana Waziri, nitakisiaje nisichokijua?"

"Hiyo ndiyo sheria ya mji wangu," akasema Sultani, huku akijiweka sawa kitini. "Leo makisio, ukamilifu baada ya miezi sita. Haibagui mtu wala kazi. Haya, ndevu!"

"Nimesikia na nimetii," akasema Vuai, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Ndevu za Sultani zilifika kifuani, nyekundu kwa hina. Vuai akazichana kwa adabu, akapiga mkasi upande wa kulia hata zikabaki upana wa kidole. Kisha akaufuta mkasi, akakunja kitambaa chake, akambusu Sultani mkono, akashika njia ya mlangoni.

"We kinyozi! Waenda wapi? Na upande huu?"

"Hicho ulichopata ni makisio, Bwana wangu. Huo upande mwingine ndio ukamilifu, nao una miezi sita."

Watumishi wote wakatazama dari. Sultani akadai kioo, akajiona, na huko nje ngoma zinalia na watu wamejaa tele wakimngoja.

"Akatwe kichwa!" akafoka Waziri.

"Nikikatwa kichwa," akauliza Vuai, "atakayeshika mkasi ni wewe, Bwana Waziri?"

Sultani akaitazama mikono ya Waziri ikitetemeka kwa hasira, akazifunika haraka ndevu zilizobaki. Akajitazama tena kiooni, na mara kicheko kikamponyoka, akacheka hata machozi yakamtoka.

"Sema, wataka nini?"

"Kile utakacho wewe, Bwana wangu: kazi itimie ndipo itolewe. Siku nitakayomaliza kuhesabu, siku hiyo nilipe."

"Umepewa, na kila ajifanyiaye kazi mwenyewe amepewa. Sasa kata, mwanaharamu we, watu wanangoja!"

Miezi sita ikapita, na Vuai, mtu wa ahadi, akaja na hesabu kamili. Mayai arobaini, akatoa manne. Mihogo thelathini, akatoa mitatu. Dua mia mbili, basi akaketi mkekani akamwombea Sultani dua ishirini, moja baada ya nyingine, na Waziri ikambidi aitikie "Amina" kila moja, huku akiandika daftarini.

"Zimebaki laana," akasema Vuai. "Niliowakata masikio wamenilaani mara kumi. Fungu la Mfalme ni moja."

Sultani akaruka kitini. "Hiyo achukue Waziri!"

Na Waziri, ambaye usingizi ulikwisha kumchukua, akaitikia kwa sauti kubwa, "Amina!"